Nani Alimgeuza Abebe Bikila Kitandani?

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969, gari dogo aina ya Volkswagen lilipinduka nchini Ethiopia na kumbana dereva wake humo ndani hadi asubuhi, watu walipofika kumtoa. Dereva huyo alikuwa Abebe Bikila, askari wa kikosi cha ulinzi cha Mfalme Haile Selassie na mshindi wa marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo: Roma mwaka 1960, akikimbia miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, kisha Tokyo mwaka 1964 kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyewahi kuitetea medali hiyo na kufanikiwa. Tangu usiku ule hakutembea tena. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama habari ya moyo: mtoto wa kijijini aliyeishinda dunia bila viatu, ajali ikampokonya miguu, naye akakataa kushindwa, akashika upinde na mishale, akacheza mpira wa meza, na mwaka 1971 akashinda mbio za sleji za kuvutwa na mbwa kwenye theluji ya Norway. Yote hayo ni kweli, na heshima anayopewa ni haki yake. Ninachokipinga ni maelezo ya kilichomfikisha huko. Tukisema ni moyo uliomjenga upya, tunairuka miezi 8 aliyolala katika hospitali ya Uingereza, uhai wake ukiwa mikononi mwa wauguzi, wahudumu na utaratibu mkali wa wodi moja. Mwanariadha aliyeumia uti wa mgongo hujengwa upya kwanza na kazi ya watu wengine, kazi isiyopigiwa makofi, na nia yake hupata pa kushika pale tu kazi hiyo imekwishafanyika. Jambo hili si la wanamichezo peke yao, kwa sababu tukiamini kwamba moyo ndio dawa, basi kila anayekufa kwa jeraha la namna hii tutakuwa tumemhukumu kwamba moyo wake ulikuwa mdogo.

Tuanze na jeraha lenyewe. Ndani ya mifupa ya mgongo, iliyopangana pingili juu ya pingili kutoka shingoni hadi kiunoni, hupita ugwe mlaini wa neva unaobeba amri za ubongo kwenda mwilini na kurudisha ubongoni habari za maumivu, joto, mguso na haja. Shingo ina pingili 7, kifua 12, kiuno 5. Mahali ugwe ulipojeruhiwa ndipo panapoamua mtu atabaki na nini. Jeraha la shingoni laweza kuchukua mikono, miguu na hata pumzi. La kifuani huiacha mikono ikiwa mizima na kuchukua kila kilicho chini yake. Mfupa uliovunjika huunga, lakini neva za ugwe huu hazioti tena, na mpaka leo hakuna upasuaji unaoweza kuziunganisha. Siku za mwanzo ugwe huvimba na kuzubaa, kiasi kwamba daktari naye hawezi kusema kwa hakika ni kiasi gani kimepotea moja kwa moja na kiasi gani kimelala tu. Abebe mwanzoni hakuweza hata kugeuza kichwa. Baada ya miezi kadhaa mikono ilirudi, miguu haikurudi. Hakuwa na njia ya kuiamuru mikono irudi, wala hakuna aliyeweza kuiamuru miguu.

Watu wengi wanapofikiria kupooza hufikiria kutembea, na hapo ndipo kosa la kwanza la masimulizi yetu linapoanzia. Kutotembea hakumuui mtu. Kinachoua ni mambo ambayo mtu mzima wa afya hayafikirii hata kidogo. Mtazame yeyote aliyekaa kwenye benchi kanisani au kwenye foleni ya kituo cha afya: kila baada ya dakika chache huhamisha uzito, huinua nyonga, hukunja mguu, bila kujua kwamba amefanya hivyo. Ngozi ndiyo iliyolalamika na mwili ukaitikia. Aliyepoteza hisia hapati lalamiko hilo. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa wa makalio na godoro hukosa damu, na ndani ya saa chache tu panatokea baka ambalo likibonyezwa kwa kidole halibadiliki rangi. Kwenye ngozi nyeusi hata baka lenyewe huenda lisionekane, ila mkono wa muuguzi mzoefu huhisi pana joto au pamekuwa pagumu. Pasipofanywa kitu, panatoka lengelenge, kisha kidonda, kisha shimo linaloweza kufika mfupani na kuingiza sumu kwenye damu. Kibofu nacho hujaa bila mwenyewe kusikia haja. Mkojo usipotolewa kwa mpira safi kwa wakati wake, maambukizo hupanda hadi kwenye figo. Vita ya aliyeumia uti wa mgongo hupiganwa hapa, kwenye ngozi na kwenye kibofu, usiku wa manane, na mara nyingi mhusika mwenyewe amelala usingizi.

Kwa karne nyingi vita hiyo ilishindwa karibu kila mara. Askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliopooza kwa majeraha ya mgongo, wengi wao walikufa ndani ya miaka miwili, tena kwa vidonda na figo, na madaktari waliwachukulia kama watu wanaosubiri siku yao. Ulipokaribia mwisho wa Vita vya Pili, serikali ya Uingereza ilifungua kitengo maalumu katika hospitali ya Stoke Mandeville, huko Aylesbury, tarehe 1 Februari 1944, na kumkabidhi Ludwig Guttmann, daktari bingwa wa neva aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1899 na kukimbilia Uingereza mwaka 1939 kwa sababu alikuwa Myahudi. Guttmann hakuja na dawa ya kuunga neva. Aliamuru mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila ruhusa ya kuruka zamu. Alitaka mpira wa mkojo uingizwe kwa usafi uleule wa chumba cha upasuaji, na daktari ajishughulishe nao mwenyewe badala ya kuuona ni kazi ya chini yake. Alisifika kwa kutokea wodini usiku bila taarifa kukagua kama amri zake zinafuatwa. Kisha aliwaondoa wagonjwa kitandani: wengine useremala, wengine kutengeneza saa, wengine kupiga taipu, kwa sababu kwake matibabu yalikuwa hayajakamilika mpaka mtu awe na kazi na nauli ya kwendea kazini. Watu waliotarajiwa kufa walianza kurudi nyumbani.

Wodi hiyo ndiyo iliyompokea Abebe tarehe 29 Machi 1969, wiki moja baada ya ajali. Wakati huo utaratibu wake ulikuwa umekwishakomaa kwa robo karne. Malkia Elizabeth II alikwenda kumtazama, na kadi za pole zilimiminika kutoka pande zote za dunia. Ziara ya Malkia inakumbukwa. Picha za muuguzi wa saa tisa usiku anayemgeuza ubavu bingwa wa Olimpiki na kumwekea mto katikati ya magoti hazikupigwa, au zilipigwa na hakuna aliyezitaka. Lakini piga hesabu: kugeuzwa kila saa mbili ni mara 12 kwa siku. Kwa kila wiki ambayo mtu hawezi kujigeuza mwenyewe, hiyo ni mara 84. Ikiruka usiku mmoja tu mambo yanaweza kuharibika, na Abebe asingefika Norway wala popote. Ni kweli pia kwamba alifika Stoke Mandeville kwa sababu alikuwa Abebe Bikila. Mkulima wa Kiethiopia aliyeanguka kutoka mtini mwezi huohuo hakupandishwa ndege kwenda Aylesbury, hata kama alikuwa na moyo wa simba.

Kuna jambo katika kalenda ambalo husahaulika. Abebe alishinda Roma tarehe 10 Septemba 1960, akikata utepe karibu na Tao la Konstantino. Siku 8 baadaye, tarehe 18 Septemba, jiji hilohilo lilifungua mashindano ya watu wa viti vya magurudumu, wanamichezo 400 hivi kutoka nchi 23, ambayo leo yanahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Mwandalizi wake mkuu alikuwa Guttmann. Yalikuwa yameanza kidogo sana, tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, kwa askari 16 waliojeruhiwa, wanaume na wanawake, kushindana kurusha mishale kwenye uwanja wa hospitali. Tokyo nako, Abebe alishinda tarehe 21 Oktoba 1964 na mashindano ya viti vya magurudumu yakafunguliwa tarehe 8 Novemba. Mara mbili, basi, bingwa na watu ambao baadaye wangekuwa wenzake walipishana kwa siku chache katika mji mmoja. Huko Roma nyumba walizopewa wanamichezo hao zilikuwa na ngazi, na ilibidi wanajeshi wa Italia wawabebe kuwapandisha na kuwateremsha. Watu hao walikuwa na mabega yenye nguvu kuliko wengi wetu, na mioyo yao ilikuwa imepita katika mengi, ila ngazi ilibaki ngazi. Nia haikupunguza hata kidato kimoja. Kilichohitajika ni mjenzi aliyekumbuka kuweka njia ya mteremko, na alipokosekana, mikono ya askari.

Guttmann alichagua upinde kwa sababu za kitabibu. Kuvuta uzi wa upinde hujenga mabega, mikono na mgongo wa juu, misuli ileile ambayo mtu wa kiti cha magurudumu huitegemea kujiinua kitandani na kujihamisha. Humfundisha upya kusawazisha kiwiliwili ambacho sehemu yake haina hisia. Na shabaha iliyowekwa mita kadhaa mbele haitofautishi anayelenga akiwa amekaa na anayelenga akiwa amesimama. Michezo ilikuwa sehemu ya dawa kabla haijawa mashindano. Abebe aliingia humo kwa mlango huohuo. Mwaka 1970 alishiriki mashindano ya Stoke Mandeville katika upinde na mpira wa meza. Mwaka uliofuata alialikwa Norway kama mgeni, lakini akaingia mashindanoni, na kwenye mbio za sleji akawapita wapinzani 16. Mtu wa nyanda za juu za Ethiopia akiongoza mbwa thelujini ni habari ya kupendeza kweli, na haishangazi kwamba ndiyo inayokumbukwa. Ila ukiitazama kwa makini utaona kwamba kila hatua yake ina mtangulizi: mabega yaliyofanyishwa mazoezi na wataalamu wa viungo, ngozi isiyo na kidonda, kibofu kilichofundishwa ratiba, kiti kilichopimwa mwili wake.

Hapa patakuwa na pingamizi, na ni la haki. Watu wawili waweza kuumia pingili ileile, wakalazwa wodi ileile, na mmoja akasonga mbele huku mwingine akigeukia ukuta. Je, si moyo huo? Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya pekee ya kuuliza hivyo, kwa kuwa marathoni ya Mexico mwaka 1968 ndiyo iliyotupa John Stephen Akhwari. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, wengi wa watazamaji wakiwa wameshaondoka. Maneno aliyoyasema baadaye, kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza na wala si kuanza tu, yamekuwa sehemu ya malezi yetu. Katika mbio hizohizo Abebe, akisumbuliwa na jeraha la mguu, alijitoa baada ya kilomita 17 hivi. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema Abebe alipungukiwa na moyo: ni mtu yuleyule aliyekimbia Tokyo na kushinda takriban wiki tano baada ya kupasuliwa kidoletumbo. Goti la Akhwari liliuma, na maumivu ni habari inayofika kwenye ubongo. Nia inaweza kuipokea na kusema twende. Ugwe uliokatika haupeleki habari wala haupokei amri. Ndiyo maana kumwambia aliyepooza akaze moyo kama Akhwari ni kumtaka aushinde ukuta kwa silaha isiyoufikia. Kugeukia ukuta nako kuna sababu zinazotibika: sonona, maumivu yasiyodhibitiwa, kidonda kilichofichwa na shuka, mwenzi aliyeondoka, karo ya watoto isiyo na mlipaji. Mara nyingi tunachokiita moyo mdogo ni mojawapo ya hayo, ambayo hakuna aliyeyauliza.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoujua unatoka Ujerumani, kwa mwendesha baiskeli Kristina Vogel. Mwaka 2009, akiwa kijana, aligongwa na gari akiwa mazoezini barabarani, akawekwa katika usingizi wa kitabibu, akaamka akiwa na mifupa iliyovunjika. Alirudi kwenye baiskeli, na mwaka 2012 akatwaa dhahabu ya Olimpiki London, kisha nyingine Rio mwaka 2016, pamoja na mataji 11 ya dunia. Kisha tarehe 26 Juni 2018, mazoezini katika uwanja wa Cottbus, aligongana na mwendeshaji mwenzake akavunjika kwenye pingili ya 7 ya kifua. Ugwe ulikatika. Alieleza baadaye namna alivyojua: alimwona mtu akiondoka na viatu vyake vya mbio, vile vinavyobana mguu barabara, naye hakuwa amehisi vikivuliwa. Akaelewa palepale kwamba kutembea kumekwisha. Mwanamke ni yuleyule, nia ni ileile, ajali mbili. Ya kwanza ilimrudisha jukwaani, ya pili ikamkalisha kwenye kiti, na tofauti haikuwa moyoni mwake. Cha kujifunza kwake ni namna alivyosema. Miezi kadhaa baada ya ajali alizungumza hadharani bila kuremba, akakiri kwamba hali yenyewe ni mbaya sana, na kwamba kadiri mtu anavyoikubali mapema ndivyo atakavyoweza kuimudu mapema. Hakuahidi kutembea. Mwaka 2019 alichaguliwa kuwa diwani katika jiji la Erfurt, na watazamaji wa Ujerumani wakaanza kumsikia kama mchambuzi wa michezo kwenye televisheni.

Kwa hiyo mwanariadha wa ngazi ya juu ana nini ambacho sisi wengine hatuna? Nadhani kipo, ila hakifanani na kinachosifiwa. Maisha ya bingwa ni maisha ya kusimamiwa. Anapimwa uzito, analishwa kwa ratiba, analala kwa ratiba, mwili wake unaguswa na kukaguliwa na watu wengine kila siku, na haoni aibu. Amezoea kurudia zoezi dogo mara mia bila kuona matokeo. Anajua kumwambia mkufunzi mapema kwamba hapa pananivuta badala ya kuficha mpaka paharibike. Sifa hizo hasa ndizo zinazotakiwa katika wodi ya uti wa mgongo, ambako mtu hufundishwa kujikagua makalio kwa kioo kila asubuhi na kutoa mkojo kwa saa badala ya kwa haja. Zinafundishika kwa yeyote, fundi seremala au mama muuza vitumbua. Upande wa pili, bingwa ana hasara ambayo wengine hawana: jina lake, kipato chake na marafiki zake vilisimama juu ya miguu hiyohiyo. Vogel alikuwa mtumishi wa Polisi ya Shirikisho ya Ujerumani, nchi yenye bima ya afya kwa wote, na bado mashabiki na wenzake walichangisha fedha za kumsaidia kuanza upya. Ikiwa hata huko mchango ulihitajika, tusidhani kwamba medali hulipa chochote siku ya pili.

Wengine watasema Abebe mwenyewe alitoa maelezo tofauti na yangu. Alisema kwamba ushindi ulikuwa mapenzi ya Mungu na ajali nayo vilevile, na kwamba alipaswa kuyapokea yote mawili. Siyapingi maneno hayo, na nadhani yana unyofu ambao masimulizi yetu yameupoteza. Mtu anayesema hivyo hajisifu kwamba ameishinda hatima kwa ubishi. Anaipokea, na akishaipokea anakuwa na nafasi ya kufanya kinachowezekana. Vogel, kwa lugha kali zaidi na bila dini, alisema jambo la jirani. Kinachoniudhi ni vile sisi tulio nje tunavyoyachukua maneno ya unyenyekevu na kuyageuza kuwa tangazo la ushujaa, halafu tunampelekea mgonjwa mwingine kama kipimo.

Pingamizi zito zaidi ni kifo chake. Abebe alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41, kwa damu kuvuja ubongoni, jambo lililohusishwa na madhara ya ajali ile. Mwaka mmoja kabla alikuwa Munich kama mgeni wa heshima wa Olimpiki, uwanja mzima ukasimama kumshangilia, na Frank Shorter wa Marekani, baada ya kuvikwa medali ya marathoni, alimwendea na kumpa mkono. Miaka minne na nusu tangu ajali ni michache. Je, hii haionyeshi kwamba uangalizi ninaousifu haukufaa kitu? Naiona kinyume. Miezi 8 ya Stoke Mandeville ilimpa miaka hiyo, lakini jeraha la uti wa mgongo haliponi siku mgonjwa anaporuhusiwa. Linataka vipimo vya figo mwaka hadi mwaka, dawa ya shinikizo la damu linalopanda na kushuka ovyo, daktari anayelijua jeraha lenyewe akiwa karibu na nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2013, lilisema watu wenye jeraha hili wana uwezekano wa kufa mapema mara 2 hadi 5 kuliko wengine, na kwamba hali ni mbaya zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Moyo wa binadamu hautofautiani Nairobi na Oslo. Huduma ya mwaka wa pili na wa kumi ndiyo inayotofautiana.

Linabaki swali la fedha, linaloulizwa kila mara na watu wenye nia njema: sisi tutaweza wapi? Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba watu kati ya 250,000 na 500,000 huumia uti wa mgongo kila mwaka duniani, na visababishi vikuu ni ajali za barabarani na kuanguka kutoka juu. Kwetu hiyo ni bodaboda, ni mkwezi wa minazi, ni fundi kwenye jukwaa la mbao la jengo la ghorofa. Ni kweli kuna gharama zisizokwepeka: upasuaji, picha za mgongo, vitanda. Kenya ina hospitali yake ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo jijini Nairobi, Tanzania ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na hospitali moja au mbili haziwezi kubeba nchi nzima. Lakini kiini cha kazi ya Guttmann kilikuwa mikono, saa ya ukutani na ukali wa ratiba. Katika wodi zetu nyingi anayemgeuza mgonjwa ni dada yake au mkewe, tena bila kufundishwa, akikisia. Kumfundisha saa mbili kwa mkono wake mwenyewe, namna ya kuviringisha mwili bila kuukokota juu ya shuka, wapi pa kuweka mto, ngozi ipi ya kutiliwa shaka, ni kazi ya muuguzi mmoja na jioni moja. Kabla ya hapo kuna dakika za ajalini. Majeruhi anayenyanyuliwa kwa makwapa na miguu na kukunjwa nyuma ya pikapu anaweza kupoteza hapo ugwe ambao ajali yenyewe ilikuwa imeuacha. Kumshika kichwa asitikisike, kumlaza kwenye ubao au mlango uliong'olewa, na kungoja watu wanne wa kumbeba kwa pamoja havihitaji bajeti ya wizara.

Kiti cha magurudumu kinataka pesa zaidi kidogo, na hapa misaada yetu hukosea mara nyingi. Kiti cha hospitali cha kusukumia mgonjwa kutoka mapokezi hadi wodini, kile chenye kitambaa kinachobonyea katikati, hakikutengenezwa ili mtu akae humo saa 10 kwa siku. Kikitolewa zawadi mbele ya kamera bila mto maalumu na bila kupima nyonga za atakayekikalia, kinaweza kumrudisha wodini na kidonda ndani ya mwezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti hivi unasisitiza vipimo, mafunzo na matengenezo, na matengenezo hayo fundi baiskeli wa mtaani anaweza kuyafanya kwa sehemu kubwa, akionyeshwa. Tena kuna cha kufanya kabla hata ya kiti kuhitajika: vyama vya ngumi, raga, farasi, baiskeli na pikipiki Afrika Mashariki vinapeleka vijana kwenye hatari ya jeraha hili kila mwisho wa wiki. Waandishi wa michezo wanaoandika habari za moyo baada ya ajali wangeweza kwenda kwa viongozi wa vyama hivyo kabla ya mchezo kuanza, wakauliza machela iko wapi, nani kati ya waliopo uwanjani ameshafundishwa kuibeba, na bima ya mchezaji inalipa miezi mingapi baada ya kutoka hospitali.